Pikipiki ndogo ilizaliwa kwenye baiskeli

Leo tunazungumzia chombo ambacho pengine unakisikia kikipita hapo nje sasa hivi: moto, pikipiki ndogo. Usiku mgonjwa akizidiwa, ndiyo unayoitafuta kwanza. Je, ilitoka wapi?

Twende Japani, mwaka 1946. Vita vimekwisha, miji imeteketea, chakula ni cha kutafutwa mbali. Huko Hamamatsu, fundi aitwaye Soichiro Honda alipata injini ndogo zilizokuwa zikizalisha umeme wa redio za jeshi. Akafunga moja kwenye baiskeli. Tangi la mafuta? Chupa ya nyumbani ya maji ya moto, ile ya kupashia kitanda! Mke wake, Sachi, aliyezoea kukanyaga baiskeli akitafuta chakula, akaipanda barabarani kuijaribu.

Miaka 12 baadaye, Agosti 1958, yeye na mwenzake Takeo Fujisawa, msimamizi wa biashara, walitoa Super Cub. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Injini ni ya sentimita za ujazo 50 tu, lakini ni ya mipigo minne, kwa hiyo hakuna kuchanganya oili na petroli, na mafuta yanakwenda mbali. Barabara nyingi za Japani zilikuwa za udongo, basi wakaweka magurudumu makubwa na ngao ya plastiki ya kukinga miguu na matope. Katikati pakaachwa wazi, ili hata mwenye sketi apande bila shida.

Halafu klachi. Walimfikiria kijana wa hoteli anayepeleka tambi kwa wateja, mkono mmoja umebeba sinia. Ataikamataje klachi? Wakatengeneza klachi inayojiendesha yenyewe. Gia unabadilisha kwa mguu, mkono wa kushoto unabaki huru. Bei ilikuwa yeni 55,000. Kufikia mwaka 2017, pikipiki za ukoo huo zilizotengenezwa zilikuwa zimefika milioni 100.

Sasa wewe motari unayetusikiliza ukisubiri abiria, tazama mpini wako upande wa kushoto. Kama una klachi ya mkono, yako ni ya ukoo mwingine. Kama hauna, lakini gia unakanyaga kwa mguu, basi umekalia kazi ya wale wawili.