Wanyama Juu ya Madini
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Mkula)



Katibu alipotutaka tuseme neno juu ya alama za wanyama, tuliona yafaa tuanze mbali, kisha turudi mifukoni mwetu wenyewe.

Katika nchi ya Japani upanga hutiwa bamba la madini, aghalabu la mviringo, lenye tundu katikati ambamo msuka hupita kuingia mpinini. Bamba hilo huitwa tsuba, na kazi yake ni kuulinda mkono usiteleze ukafika penye makali. Nchi ilipopata amani ndefu chini ya ukoo wa Tokugawa, tangu 1603 hata 1868, mafundi walipata nafasi ya kuyapamba mabamba hayo kwa dhahabu, fedha na shaba, na wanyama wakaenea juu yake. Waliamini kuwa kereng'ende huruka mbele wala harudi nyuma, kwa hiyo wakamwita mdudu wa ushindi. Korongo na kobe ni maisha marefu. Samaki apandaye maporomoko ya maji ni mtu asiyekata tamaa. Vunjajungu, ambaye watoto wetu hukatazwa kumgusa wasije wakavunja chungu cha mama, kwao ni shujaa, maana yasimuliwa katika hadithi itokayo China kuwa aliinua mikono yake kulizuia gurudumu la gari la vita. Mwenye upanga alichagua mnyama wake, akamchukua kiunoni kila aendako. Mwaka 1876 serikali ilikataza watu kuchukua panga hadharani, isipokuwa askari na maofisa. Mafundi wengi wakakosa kazi, na mabamba mengi yakaachana na panga zake, yakanunuliwa kwa uzuri tu.

Sasa, ndugu, bamba la mviringo lenye tundu katikati si jambo geni kwa karani. Senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zilikuwa hivyo hivyo, na pembe za ndovu zimelizunguka tundu lile. Tena kabla yake, rupia ya kampuni ya Wadachi ilikuwa na simba chini ya mnazi. Mwaka 1916, vita vilipowabana, Wadachi walipiga sarafu za dhahabu huko Tabora, za rupia 15, wakatia ndovu mbele ya milima. Waingereza nao wakaleta shilingi ya mwaka 1921, yenye simba amesimama na milima nyuma yake.

Hapo pana jambo la kufikiri. Usukumani mtu aliyeua simba alizunguka akicheza ngoma, akapewa zawadi, kwa sababu simba ni mwivi wa ng'ombe. Lakini mkulima aliyeuza pamba yake alipewa simba yule yule mkononi, naye ndiye alama ya enzi iliyomtoza kodi. Mjapani alijichagulia mnyama wake, sisi tulichaguliwa. Twiga, aliyekuwa kwenye bendera ya Tanganyika na kwenye stempu za mwaka 1922, hatumlaumu sana, maana yeye hakumtisha mtu. Lakini hata yeye hatukuulizwa.

Wala tusidhani kuwa wazee wetu hawakuwa na wanyama wao wa kujichagulia. Banunguli walikuwa wawindaji wa nungunungu, wakaingia mashimoni kumfuata. Bayeye walishika nyoka na kujua dawa za sumu yake, wakacheza na chatu mbele ya watu. Mtu aliingia chama hicho kwa kufundishwa, na mnyama akawa ndiyo sifa yake. Hao, kwa maoni yetu, wamkaribia Mjapani mwenye kereng'ende kuliko mtu yeyote mwenye shilingi mfukoni.

Mwaka 1966 tulipata sarafu za nchi yetu. Senti tano ilikuwa na samaki, senti ishirini mbuni, na senti hamsini sungura. Sungura yule twamsifu kuliko wote. Hana nguvu, hana pembe, wala hakuna mtawala wa kigeni ambaye angemtia juu ya fedha. Lakini kila mtoto aliyekaa motoni jioni alimjua, na alijua pia kwamba simba humshinda kwa meno tu, wala si kwa akili.

Kifaru ana habari nyingine. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwaua vifaru wa Serengeti, jirani zetu, hata wakakaribia kwisha. Mwaka 1996 kifaru na mtoto wake wakatokea juu ya sarafu ya shilingi hamsini. Watu wengi wa rika la vijana wetu wamemjua kifaru kwa kidole gumba kabla ya kumjua kwa macho, na wengine hawajamwona hata leo. Ndovu, kwa upande wake, hana haja ya sarafu ili ajulikane huku. Wenye mashamba karibu na mapori wamjua vema, na sifa wampazo usiku hazifai kuandikwa katika gazeti la chama.

Basi twaomba jambo moja. Senti za tundu, senti za sungura na shilingi za simba zingali katika makopo ya tumbaku na masanduku ya wazee, na tunasikia nyingine huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kila mwanachama aulize nyumbani kwao, alete alizopata katika mkutano ujao, na pamoja nazo aandike maneno ya mzee mwenyewe: huyu mnyama aliitwaje kwake, na alinunua nini kwa fedha hiyo. Katibu ameweka daftari tayari.