Ukarimu Hutoka Wapi?

Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya hekalu letu, Mji Mkongwe, Unguja



Tumetakiwa tuseme machache juu ya ukarimu, nasi tumeona heri tuanze na msemo ambao kila mmoja wetu aliusikia utotoni: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Msemo huo ni wa kweli, lakini unatuachia swali. Moyo huo mtu huupata wapi? Mtoto mchanga huja duniani akiwa amekunja ngumi. Lazima pawe na mtu wa kumfundisha kufungua kiganja.

Wazee wetu waliotoka Kachi na Kathiawar kwa majahazi, wakisukumwa na pepo za kaskazi, walikuja na jibu moja ndani ya madaftari yao. Mfanyabiashara wa Kigujarati alipofungua daftari jipya wakati wa Diwali, ukurasa wa kwanza aliuanza kwa jina la Mungu, na humo ndani mlikuwa na hesabu iitwayo dharmada. Katika biashara yake alikata kiasi kidogo akakiandika huko, kiwe cha kazi za hisani. Fedha hizo hazikuwa zake tena. Yeye alizishika tu. Kwa hesabu hiyo, kutoa hakukuwa kugawa kilichobaki, bali kulipa deni. Majirani zetu Waislamu wanalijua jambo hili kwa njia yao: zaka ni haki ya maskini ndani ya mali ya tajiri, na nyumba nyingi za mji huu ziliwekwa wakfu.

Tulitazame jumba la Mizingani lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, lile la Dispensari ya Zamani. Tharia Topan, Mwismailia wa Kachi aliyefika Unguja akiwa mdogo, alitajirika na kusimamia ushuru wa forodha ya Sultani. Mwaka 1887 liliwekwa jiwe la msingi la hospitali aliyokusudia iwatibu maskini. Alifariki mwaka 1891 kabla ya kazi kwisha. Mjane wake akaiendeleza, na jengo likakamilika mwaka 1894. Baadaye likanunuliwa kwa mali ya amana ya Haji Nasser Nurmohamed, na sakafu ya chini ikawa dispensari ya hisani. Mzigo mmoja ulibebwa kwa zamu.

Na tuseme ukweli wote. Tharia Topan ndiye aliyemkopesha Tippu Tip, ambaye misafara yake ilileta pembe na watumwa. Hospitali haikuyafuta machozi hayo. Ndiyo maana sisi, watoto wa wafanyabiashara, tusikiite zawadi kila tunachotoa. Sehemu yake ni marejesho, kwani kisiwa hiki kilitupa bandari, wateja, na mahali pa kuwaaga wafu wetu.

Lakini daftari hufundisha akili. Moyo wetu ulifundishwa na sahani. Kila Ramadhani majirani walituletea muhogo wa nazi na kaimati. Walijua kuwa hatuli nyama wala samaki, basi walitutengea chetu mapema, kabla mwiko haujagusa mchuzi wa samaki. Mama zetu hawakurudisha sahani tupu; Diwali ilipofika, zilikwenda ladu na chevdo. Waliobeba sahani hizo walikuwa watoto. Mtoto aliyeishika kwa mikono miwili, akapiga hodi na kukaribishwa, alijifunza bila kuhubiriwa kwamba mtoaji humfikiria kwanza anayepokea. Huko, tunaamini, ndiko ukarimu unakotoka: katika kupokewa vyema kabla hujawa na cha kutoa.

Leo jamaa yetu hapa Unguja ni ndogo. Wengi waliondoka baada ya mwaka 1964, na vijana wanaendelea kwenda Dar es Salaam, Uingereza na Kanada. Nyumba nyingi za jirani zimekuwa hoteli, na hoteli haibadilishani sahani na mtu. Michango hutumwa kwa simu, nalo ni jambo jema. Ila mtoto hana cha kubeba. Tukiliacha hivyo, watoto wetu watakuwa na fedha za kutoa, lakini hawatamjua wa kumpa.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Diwali ijayo, kila duka letu lifungue ukurasa wa dharmada, hata kama hesabu zake ziko kwenye kompyuta, na fedha hizo zianzie mtaani bila kuulizana dini. Na kila nyumba imtume mtoto wake, si mtumishi, apeleke sahani kwa jirani. Vibao vya marumaru vyenye majina ya wafadhili tunavyo vya kutosha. Tunachohitaji ni watoto wanaojua mlango wa jirani.

Mwenyezi Mungu atujaalie mikono iliyo wazi.