Tutambue dalili za fujo zikiwa bado ndogo

(Mazungumzo pamoja na familia za wakimbizi wa ndani na viongozi wao, Ituri)

Tunajua wengi wenu mmeacha kazi ya kutafuta chakula cha leo ili kuja kusikiliza.

Mara nyingi tunasema: «Vita ilitushitukiza.» Lakini tukikumbuka vizuri, tunaona kwamba ilipiga hodi kwanza. Vita iliyoanza Djugu mwaka 1999 ilitokana na ugomvi wa mipaka kati ya mashamba makubwa ya ng'ombe na ardhi ya vijiji. Miaka iliyofuata, makumi ya maelfu ya watu walikufa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilitoa muda wa miaka 2 tu wa kupinga hati iliyokwisha kuandikishwa. Mwanakijiji ambaye hakuuliza mapema aliweza kupata habari siku ya kufukuzwa, muda ukiwa umekwisha. Basi dalili ya kwanza haikuwa bunduki, ilikuwa karatasi. Na mwezi wa Desemba 2017 fujo ilirudi Djugu.

Sisi wa mashirika pia tumekosa. Katika kijiji kimoja, mama wawili walituambia kwamba majirani wa upande wa pili wanauza mbuzi kwa bei ya kutupa, na hawapiti tena njia ya mtoni. Tuliandika katika daftari, tukasema tutaleta neno hilo kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi. Kabla ya mkutano, kijiji kilikuwa kitupu. Mama wale walikuwa wameona. Sisi ndio tulichelewa.

Ni nani anayeona mapema? Si kiongozi peke yake. Mama muuzaji anaona ni nani ameacha kuja sokoni. Mtoto anaona ni rafiki yupi amekatazwa kucheza naye. Kijana anasikia michango inayokusanywa usiku. Mzee anasikia jina jipya la matusi likipewa kabila la jirani. Kila mmoja ana kipande kimoja, na vipande hivyo havikutani kama hatukai pamoja.

Lakini tuangalie sana: dalili moja haitoshi. Mtu anaweza kuuza mbuzi ili kulipa masomo ya mtoto wa sekondari. Tukikimbilia kusema «wanajitayarisha kutushambulia», sisi wenyewe tunawasha moto. Kwa hiyo tujiulize maswali matatu.

Kwanza: Ni nini kimebadilika, na tangu siku gani?

Pili: Nimeona kwa macho yangu, au nimesikia?

Tatu: Ni nani mwingine ameona, hasa mtu wa upande mwingine?

Watu watatu wasiokaa nyumba moja wakileta habari moja, tusingoje mkutano wa mwezi. Tuipeleke siku ile ile kwa kamati ya kambi na kwa wazee wa pande zote mbili. Tutaje mahali, siku na jambo lililoonekana. Tusitaje kabila, wala tusitoe jina la aliyeleta habari, kwa sababu maisha yake yanaweza kuwa hatarini.

Ndugu zetu, amani nayo ina dalili zake. Wengi mnatuuliza: «Tutarudi lini?» Hatuwezi kuwapa tarehe. Lakini mama wa upande wa pili akianza tena kulala sokoni na mzigo wake, watu wakilima shamba la mbali na si lile la karibu na barabara tu, hizo ni habari za kuandika pia. Familia inayorudi kwa sababu ya uvumi inaweza kukimbia mara ya pili, na mara hiyo bila kitu.

Ombi letu ni hili: kila bloki ichague mama mmoja, kijana mmoja na mzee mmoja. Wakutane kila juma, hata kama hakuna jipya. Wasioandika wasikae nyuma, kwa maana macho yao ni mazuri kama ya wengine. Sisi tutakuja kusikiliza, na safari hii hatutafunga daftari tu.