Karatasi Yenye Kusema: Udongo Hauna Mwenyewe

Ndugu wafanyakazi, na ninyi baba na mama wa Kapolowe,

Mimi ni karani wa mgodi, nguvu ya karatasi naijua. Sikieni habari ya karatasi mbili.

Ya kwanza iliandikwa Uholanzi mwaka 1629. Kompani moja ya biashara ilisema: mtu atakayepeleka watu 50 Amerika kwa miaka 4, atapewa udongo mkubwa kando ya mto, na atakata kesi za watu wake. Kiliaen van Rensselaer, mchuuzi wa almasi wa Amsterdam, akapata inchi nzima kwenye mto Hudson. Yeye mwenyewe hakuikanyaga hata siku moja. Watu walilipa kodi, wakalipa na wajukuu wao, mpaka walipokataa mwaka 1839.

Ya pili ni yetu. Mwaka 1885 Leta ya mfalme Leopold iliandika: udongo usio na mwenyewe ni wa Leta. Kijiji na shamba lenye kulimwa vilihesabiwa. Pori la kuwinda na shamba lililopumzishwa, hapana. Mwaka 1891 ikazaliwa Compagnie du Katanga, ikaahidiwa theluthi ya udongo huo. Mwaka uleule msafara wake, ulioongozwa na Stairs, ulifika Bunkeya, na tarehe 20 Desemba M'Siri akauawa.

Mwaka 1900 Leta na kompani wakaunda Comité Spécial du Katanga. Faida: mafungu mawili ya Leta, moja la kompani. Mpaka mwaka 1910 Comité hiyo ilitawala Katanga, ikiwa na askari wake. Mwenye udongo akiwa ndiye mwenye polisi, utamshitaki kwa nani?

Sheria ya Bakajika ya tarehe 7 Juni 1966 ilirudisha udongo na madini kwa Leta ya Kongo. Ile ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema udongo ni mali ya Leta peke yake. Watu na kompani wanapewa ruhusa tu. Lakini sheria hiyo inaagiza: kabla ya kutoa udongo wa vijijini, uchunguzi ufanywe, na wenyeji waulizwe.

Basi, siku wachunguzi wanapokuja, musikae nyumbani. Onyesheni shamba, hata lile lililopumzika. Onyesheni makaburi. Kile musichosema ninyi, karani ataandika: hakuna mtu.