Mtambo Husimama Wapi?

(Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya kahawa)



Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Msemo huo aghalabu hutajwa fedha zinapopotea. Lakini wafaa vile vile kutajwa katika kiwanda cha kumenyea kahawa, mahali ambapo mali ya mwanachama yaweza kuharibika kwa usiku mmoja bila ya mtu yeyote kuiba hata punje moja.

Kahawa mbivu haina subira. Ikichumwa asubuhi, yapasa imenywe siku ile ile. Ikilala ndani ya magunia hupata joto na kuanza kuchacha, na ladha ya uchachu huo huingia ndani ya punje. Kahawa ya mkulima hodari na ya mkulima mvivu huchanganywa katika tangi moja, huuzwa pamoja, na bei yake huwa moja. Kwa hiyo hasara ya usiku mmoja si ya mtu mmoja. Ni ya chama kizima.

Ichukuliwe mfano wa chama chenye mashine iwezayo kumenya kilo 1,000 kwa saa. Katika kilele cha msimu wanachama huleta kilo 6,000 kwa siku. Mashine ikianza saa kumi jioni, kazi yapasa kwisha saa nne usiku. Lakini katika chama hicho watumishi hukesha hadi alfajiri, na siku nyingine magunia hulala bila kuguswa. Katika mkutano wanachama wananung'unika. Mwenyekiti anapendekeza chama kikope fedha, kinunue mashine ya pili. Wengi wanashangilia, kwa kuwa mashine mpya ni kitu cha kuonekana kwa macho.

Katibu hapingi. Anaomba siku saba tu kabla ya barua ya mkopo kuandikwa. Kila jioni, katika siku hizo, karani wa kiwanda anaandika mambo matatu: kilo zilizoingia, muda ambao mashine imesimama, na sababu ya kusimama. Wiki inapokwisha, daftari linatoa jibu lisilotarajiwa. Mara moja mashine ilisimama kwa kuwa mkanda ulikatika, na ghalani hamkuwa na mkanda wa akiba. Mara moja dizeli iliisha. Lakini mara nne mashine ilisimama ikiwa nzima kabisa, kwa sababu matangi ya kuvundikia yalikuwa yamejaa. Matangi nayo yalijaa kwa sababu kahawa iliyokuwa tayari kuoshwa haikuwa na mahali pa kuanikwa. Vichanja vyote vilikuwa vimekaliwa.

Hapo ndipo penye somo. Kumenya ni kazi ya saa chache. Kuvundika huchukua kiasi cha saa 12 hadi 36, na mahali penye baridi huweza kuzidi hapo. Kuanika huchukua kiasi cha siku 10 hadi 14 hali ya hewa ikiwa njema, mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 11 hivi. Kichanja kinachokaliwa siku 12 hakiwezi kupokea kahawa nyingine kabla ya siku hizo kutimia. Basi chama kinachopokea kahawa kila siku huhitaji nafasi ya kuanikia mavuno ya siku 12, wala si ya siku moja. Mashine ya pili ingejaza matangi upesi zaidi, na chama kingebaki na kahawa iliyovunda kupita kiasi pamoja na deni la kulipa. Nguzo, wavu wa waya na nguvu za wanachama wenyewe zingetosha kuongeza vichanja, na mashine ile ile ingemaliza kazi kwa wakati.

Kiwanda chochote huenda kwa mwendo wa sehemu yake iliyo finyu kuliko zote. Kuongeza nguvu mahali pengine ni kumwaga maji katika mtungi wenye mdomo mwembamba: yanayozidi humwagika chini.

Daftari hilo hilo lina kazi ya pili. Kwa kawaida kilo 5 hivi za kahawa mbivu hutoa kilo 1 ya kahawa kavu ya maganda. Chama kilichopokea kilo 60,000 kinatazamia kilo 12,000 ghalani. Zikipatikana 10,800, kuna kilo 1,200 za kuulizia. Huenda mzani una kasoro. Huenda mashine haikurekebishwa, na punje zinatoka pamoja na maganda. Huenda kahawa iliyopokewa ilikuwa changa. Huenda pia kuna mkono wa mtu. Karani mwaminifu hulindwa na hesabu hii, na asiye mwaminifu hufichuliwa nayo. Kila chama kijue kipimo chake chenyewe kutokana na misimu iliyopita, na ulinganisho ufanywe kila fungu linapoingia ghalani, wala usingojwe mwisho wa msimu, wakati hakuna tena linaloweza kurekebishwa.

Mambo haya si mageni katika historia ya ushirika. Nchini Tanzania, Kamati Maalum ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 iliona upungufu wa watumishi wenye ujuzi na uelewa mdogo wa wanachama juu ya shughuli za vyama vyao. Miaka kumi baadaye, mwaka 1976, vyama vikuu vilivunjwa, vikaja kuruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Hakuna awezaye kudai kuwa daftari peke yake lingeviokoa. Lakini chama ambacho wanachama wake hawajui kinachoingia na kinachotoka hakina cha kujitetea nacho siku ya kuulizwa.

Kwa hiyo kabla ya msimu kuanza, yampasa katibu kuhesabu vichanja, kupima ujazo wa matangi, kuhakikisha mzani umekaguliwa, na kuweka ghalani mkanda wa akiba, grisi na mafuta. Msimu ukianza, ukurasa wa kila juma ubandikwe ukutani mahali pa kupimia, ili mwanachama anayeleta kilo 20 ausome sawa na anayeleta kilo 500. Atakayeuliza swali asionekane mkorofi. Anauliza habari za mali yake.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kalamu na daftari ni vitu vya bei ndogo kuliko vyote kiwandani, navyo ndivyo vinavyoonyesha ufa ulipo.