Maneno ya mkaazi yasiachane na midomo yake

Mazungumzo kwa vijana wanaorekodi mikutano ya umma katika Kaunti ya Machakos



Mama mmoja wa Masinga anasimama katika mkutano wa maoni kuhusu bajeti. Anauliza maji yatafika lini kijijini kwao. Kijana anampiga video kwa simu akiwa nyuma kabisa. Mwenzake ameweka kinasa sauti mezani, karibu na spika. Jioni klipu hizo mbili zinaunganishwa kwenye kompyuta. Sauti ikichelewa nusu sekunde, mama anaonekana amefunga mdomo huku maneno yake yakiendelea. Mtazamaji atasema video imechezewa, na swali la maji litasahaulika.

Ibara ya 196 ya Katiba ya 2010 inalitaka bunge la kaunti kufanya kazi yake kwa uwazi na kuwezesha wananchi kushiriki. Rekodi safi ya mkutano husaidia uwazi huo. Humsaidia pia mkaazi asiyesikia vizuri, ambaye husoma midomo ya msemaji.

Kosa dogo lina kipimo chake. Video ya fremu 25 kwa sekunde hubadilisha picha kila milisekunde 40. Kulingana na mwongozo wa shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, watu huanza kugundua kasoro sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, au ikichelewa kwa 125. Hiyo ni takriban fremu moja mbele, au tatu nyuma. Sauti inayotangulia huudhi upesi zaidi, kwa kuwa binadamu amezoea kuona jembe likipiga ardhi kabla ya kusikia mlio wake.

Dawa ya kwanza haina gharama. Vifaa vyote vikishaanza kurekodi, mtu asimame mbele ya kamera apige kofi moja. Kwenye programu ya kuhariri, tafuta fremu ambamo viganja vinakutana, kisha kilele cha mawimbi ya sauti ya kofi hilo, uvilinganishe. Mkutano ukiisha, kofi lingine lipigwe kabla ya kuzima.

Programu nyingi, zikiwemo DaVinci Resolve na Kdenlive, zinaweza kulinganisha mawimbi ya sauti zenyewe. Lakini msiziamini kwa macho yaliyofumbwa. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Simu iliyo mita 34 kutoka kwa msemaji husikia baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, yaani fremu mbili na nusu. Programu ikifuata sauti ya simu, itarithi ucheleweshaji huo. Sogeza sauti ya kinasa mbele kidogo hadi ilingane na midomo. Katika sauti ya sampuli 48,000 kwa sekunde, fremu moja ina sampuli 1,920, na baadhi ya programu huruhusu kusogeza klipu kwa sampuli badala ya fremu nzima.

Kofi la mwisho lina kazi yake. Saa za vifaa viwili haziendi sawasawa kabisa, na simu nyingi hubadilisha kasi ya fremu zenyewe. Rekodi inaweza kuanza vyema kisha ikaachana polepole saa ikipita. Makofi ya mwisho yasipolingana, kata sauti mahali pa kimya, kati ya msemaji mmoja na mwingine, ulinganishe upya. Usikate katikati ya sentensi ya mtu, wala usipunguze neno lake ili video ipendeze. Hifadhi klipu za asili bila kuzigusa, ili mwenye shaka aonyeshwe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kofi moja mwanzoni na moja mwishoni huokoa usiku mzima wa kazi. Na mama wa Masinga akiitazama video hiyo, atajiona akiuliza swali lake kama alivyoliuliza, na aliyepaswa kulijibu ataonekana akilisikia.