KISU CHA KUBEBESHEA MIEMBE
Mazungumzo ya Bwana Shamba na Wakulima



Leo nataka kuzungumza nanyi habari za kisu kidogo cha kukunja, kile mnachotia mfukoni mwendapo kubebesha miembe. Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Siku moja nilikuwa kitaluni, nikataka kufunga uzio. Sikuwa na koleo, nikakata waya kwa kisu hicho. Kesho yake nikabebesha miche 20. Baada ya mwezi mmoja vikonyo 17 vilikuwa vimekauka. Miche ilikuwa mizuri, na maji yalikuwapo. Kisu ndicho kilichoniponza.

Sababu ni hii. Chini ya gamba la mwembe mna tabaka jembamba lenye uhai, nalo ndilo liunganishalo kikonyo na shina. Kisu kikali hukata mara moja, na pande mbili hulaliana sawasawa. Kisu chenye pengo huchana na kuponda, huacha nafasi katikati, na kikonyo hukauka kabla hakijashikana.

Basi kisu kikiharibika, fanya hivi:

Kwanza, elekeza makali kwenye mwanga. Makali mazuri hayang'ai. Ukiona mahali panapong'aa, hapo pamekuwa butu au pana pengo.

Pili, lowesha jiwe la kunolea kwa maji, uanze upande wake ulio mkwaruzo. Visu vingi vya kubebeshea vimechongwa upande mmoja tu. Laza upande huo kama ulivyochongwa, wala usiuinue. Noa urefu wote wa makali mpaka pengo liishe. Ukinoa penye pengo peke yake utafanya bonde, na kisu hakitakata kwa kunyoka.

Tatu, ukiona uzi mwembamba wa chuma umetokea upande wa pili, hamia upande laini wa jiwe. Noa taratibu. Kisha laza ule upande bapa juu ya jiwe, upitishe mara moja au mbili, uzi utoke. Malizia juu ya ngozi, mgongo wa kisu ukitangulia.

Usikipeleke kwenye jiwe kavu la mashine. Chuma kikipata moto hata kikageuka rangi ya buluu, ugumu wake umekwisha, wala hakitashika makali tena.

Kijaribu kwa kijiti kibichi, si kwa kidole. Mkato ukiwa laini, kisu ki tayari. Kipanguse kwa spiriti kabla ya kuanza, na kila uendapo mche mwingine, usije ukaeneza ugonjwa. Jioni kikaushe, ukipake mafuta kidogo.

Waya una koleo lake, na mizizi ina panga lake. Wazee walisema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Nami nasema, ndiye atakayekula na embe.